Chupa ya Mita Mia Tatu

Saa tisa usiku, maili arobaini kutoka Iquique,
don Eladio Mamani anaishika winchi
kwa mkono uleule uliopoteza vidole viwili
enzi za kuvua anchoveta.
Chupa ishirini na nne zinazama, midomo wazi.
Mimi ni mtu wa kuchuja. Nangoja.

Ya kwanza kufunguliwa ni ya mita tano.
Maji haya bado yana jua la jana.
Nikamwambia: kijiko kimoja cha chai, don Eladio,
kina virusi vingi kuliko watu wote wa Chile.
Akakitazama kijiko chake cha kahawa,
akakilaza mezani, kifudifudi.

Vinaingiaje?
Havibishi hodi. Havina mkono wa kubishia.
Kirusi hutua ukutani, hudunga,
humimina maandishi yake ndani,
na jiko lililokuwa likipikia wenyeji
huanza kupika wageni,
wageni, wageni,
hata ukuta upasuke.

Na kinachomwagika hakiozi bure.
Mkate wa aliyevunjiwa
ni kifungua kinywa cha jirani
kabla hujamaliza kusema pole.
Samaki hapati hata harufu.

Lakini mwizi wa juu huja na taa.
Akimvamia yule kijani mdogo anayekula mwanga
humtengenezea mtambo wake, jua lisipotee bure,
afanye kazi mpaka dakika ya mwisho.
Usiite huruma.
Hata ng'ombe wa jembe hupewa majani.

Mita mia tatu.
Hapa bahari imekabwa koo. Oksijeni hakuna,
na walio hai wamejifunza kupumua vitu vingine:
nitrati, salfa, chochote kilichosahauliwa na wa juu.
Taa ingemfaa nani huku?
Virusi vya hapa hubeba bisibisi ya salfa.
Kila mtaa na mwizi wake,
kila mwizi na kifaa cha mtaa.

Kisha ikaja ile ya mita elfu tatu,
baridi hata glavu zikalalamika.
Huko majirani wako mbalimbali, na njaa ni ya kudumu.
Ukivunja nyumba, utahamia wapi?
Basi wengi hawavunji.
Kirusi hujishona katika ukoo wa mwenyeji,
hurithiwa na watoto, na watoto wa watoto,
kimya, hakiombi chumvi,
hadi siku nyumba itakapotikisika.

"Kama mimba," akasema don Eladio.
"Kama deni," nikasema.

Akanyamaza. Kamba ikalia kwenye kapi.
Alikuwa na mashua, Rufina, bluu, na injini ya mkopo.
Deni lilijilaza humo miaka kumi na moja,
likila naye, likienda naye misa,
mpaka mwaka ule maji yalipopata joto
na anchoveta zikakimbilia kusikojulikana.
Likaamka asubuhi moja. Kufikia Jumapili
Rufina ilikuwa mbao.
"Na mbao zikaliwa na nani?" nikauliza.
"Shemeji yangu," akasema. "Alijengea banda la kuku."

Maite Oyarzún ameandika kutoka Punta Arenas:
katika maji ya barafu amesoma mstari mmoja wa kirusi
unaokaribia kufanana na wetu, herufi kwa herufi,
isipokuwa pale penye mambo ya baridi.
Sijui walikutana wapi.
Labda hawakukutana. Labda mkondo ulipeleka barua
na kila bandari ikafuta neno, ikaongeza neno.

Kumekucha kijivu. Nimebandika vibandiko vyote,
kimoja nimekikosea, nimekirudia.
Maji yaliyobaki tunayarudisha baharini kwa ndoo.
Don Eladio ananishika kiwiko:
"Hayo ya mita mia tatu yamwage polepole.
Hayajazoea hewa."